Zermatt au Chamonix: Kijiji Kipi kwa Anayefuata Historia ya Alpi

Michel Croz, mwongozaji wa wapanda milima, alizaliwa mwaka 1830 katika kitongoji cha Le Tour, juu kidogo ya Chamonix nchini Ufaransa, na amezikwa Zermatt nchini Uswisi. Edward Whymper, Mwingereza aliyesimama naye kwenye kilele cha Matterhorn, mlima wa Zermatt, tarehe 14 Julai 1865, alinusurika ajali ya siku ile, akaishi miaka mingine 46, na mwaka 1911 akafariki Chamonix, ambako ndiko liliko kaburi lake. Mzaliwa wa Chamonix amelala Zermatt, na mtu ambaye jina lake halitajwi bila Zermatt amelala Chamonix. Naanza na makaburi haya mawili kwa sababu yanaonyesha mapema kwamba vijiji hivi vimegawana historia moja, na kwamba atakayekwenda kimoja atakutana na alama za kile kingine. Hata hivyo havifanani, na mwenye nauli ya kwenda kimoja tu anastahili kujua tofauti yao kabla hajafunga mizigo.

Mtu anayepanga safari ya Alpi kwa mara ya kwanza huambiwa habari za miteremko, urefu wa njia za skii, yaani mbao za kutelezea kwenye theluji, na bei za tiketi. Mambo hayo yana nafasi yake, nami nitayafikia. Lakini vijiji hivi havikujengwa na skii. Vilikuwa vimekwisha kujulikana Ulaya nzima kabla mwenyeji yeyote hajafunga skii miguuni, na anayefika akitafuta theluji peke yake huondoka ameona nusu tu ya alichokilipia. Ulinganisho huu ni wa msomaji anayetaka kufahamu jinsi wakulima na wafugaji maskini walivyojikuta wanaishi juu ya ardhi ambayo matajiri wa nchi nyingine wameanza kuitamani, na walichofanya baada ya hapo. Kwa swali hilo Zermatt na Chamonix vilitoa majibu mawili tofauti kabisa, na hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Kabla wageni hawajafika

Zermatt iko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari, mwisho kabisa wa bonde, mahali ambapo njia inakoma na kuta za milima zinaanza. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani la malisho, Matte, na Matterhorn maana yake ni pembe iliyo juu ya malisho hayo. Wenyeji wake husema Kijerumani cha jimbo la Valais, lahaja ambayo hata Mjerumani wa kutoka mbali hupata shida kuifuata. Ingawa bonde linaonekana kama limefungwa, watu wa kale hawakufungika ndani yake, kwani kwa kupitia mapito ya Theodul, yaliyo mita 3,295 juu ya usawa wa bahari, walivuka barafu wakiwa na bidhaa na mifugo kwenda upande wa Italia na kurudi. Sarafu za Kirumi zimeokotwa huko juu.

Anayetaka kuona maisha ya wakati huo aende mtaa wa zamani wa Hinterdorf, dakika chache kwa miguu kutoka barabara kuu yenye maduka ya saa. Humo yamebaki maghala ya mbao za miti ya jamii ya msonobari, ambazo jua la karne kadhaa limezichoma hadi zikawa nyeusi kama mkaa. Kila ghala limesimama juu ya miguu mifupi ya mbao, na kati ya mguu na sakafu limewekwa bamba la jiwe, la mviringo, pana kama sinia. Panya anayepanda mguu hukuta jiwe limemfunika kichwani, hana pa kushika ili alizunguke, naye hurudi alikotoka. Ndani yake zilihifadhiwa nafaka na nyama iliyokaushwa kwa ajili ya miezi ambayo theluji ilifunga kila njia. Msomaji aliyekua akiona vihenge vya kwao vikiinuliwa juu ya mafiga kwa sababu hiyohiyo hatahitaji kusimuliwa chochote, na nadhani hakuna mahali Zermatt ambapo mtu wa kwetu atajihisi yuko karibu na wenyeji kuliko mbele ya mawe yale.

Chamonix iko chini zaidi, mita 1,035, katika bonde la mto Arve ambalo ni refu na lililo wazi pande zote mbili. Historia yake iliyoandikwa inaanzia mwaka 1091, pale mtawala wa Geneva alipowakabidhi watawa wa Kibenedikto bonde zima. Kwa karne nyingi wakulima waliishi chini ya utawala wa nyumba hiyo ya watawa. Nyumba zao za kale hazikubaki kwa wingi kama maghala ya Zermatt, na kwa jambo hili Zermatt inaishinda Chamonix bila ubishi.

Lakini Chamonix ina kisa kimoja ambacho sijakutana na cha kukilinganisha nacho. Katika karne ya 17 hali ya hewa ya Ulaya ilikuwa baridi kuliko kawaida na barafu za Mont Blanc, mlima wa Chamonix, ambazo ni kama mito inayosogea polepole, zikawa zinateremka kuelekea mashambani na kutisha nyumba za watu. Mwaka 1644 wanakijiji walimwomba askofu wa Geneva aje, naye akaongoza maandamano ya watu wapatao 300 hadi kwenye ukingo wa barafu, akaiombea na kuibariki ili irudi nyuma. Kumbuka kisa hiki utakapofika kituo cha treni cha Montenvers, kwa sababu nitakirudia.

Mlima mmoja kwa kila kijiji

Mwaka 1741 Waingereza wawili, William Windham na Richard Pococke, walipanda kutoka Chamonix hadi kwenye barafu kubwa ambayo tangu hapo inaitwa Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu. Simulizi zao zikavuta wageni. Mwaka 1760 akaja msomi kijana wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, akaahidi zawadi kwa yeyote atakayepata njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Ilipita miaka 26. Jioni ya tarehe 8 Agosti 1786, watu wawili wa bonde lile, Jacques Balmat aliyekuwa mtafuta mawe ya thamani na daktari Michel-Gabriel Paccard, walifika juu bila kamba wala ngazi, huku wenzao kijijini wakiwatazama kwa darubini. Mlima ule una zaidi ya mita 4,800, nao ndio mrefu kuliko yote katika Alpi.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwapeleke watu kwenye sanamu za Chamonix kabla ya kitu kingine chochote. Katikati ya mji pana sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1887. Balmat amenyoosha mkono kuelekea kilele, na kando yake Saussure ameinua uso kufuata kidole hicho. Saussure alifika kileleni mwaka 1787, mwaka mmoja baadaye, akiwa na waongozaji 18, Balmat akiwa mmoja wao. Paccard, aliyefika na Balmat siku ya kwanza kabisa, hayumo katika sanamu ile. Maandishi ya watu waliomwonea wivu yalikuwa yamemshusha hadi kuonekana kama mzigo uliokokotwa na Balmat, na ilichukua muda mrefu watafiti kumrudishia haki yake. Sanamu ya Paccard iliwekwa mwaka 1986, miaka 200 baada ya safari yenyewe. Ameketi peke yake hatua chache kutoka kwa wale wawili, akiutazama mlima.

Katika Afrika Mashariki tunayajua mambo haya. Vitabu vilimwandika Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kwa Kilimanjaro ya mwaka 1889 muda mrefu kabla jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa mwongozaji wao, halijaanza kuandikwa popote. Na upo uhusiano wa moja kwa moja zaidi: mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian katika Mlima Kenya, waliopasua njia kwenye barafu na miamba walikuwa César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa Courmayeur, mji ulio upande wa pili wa Mont Blanc ukitoka Chamonix.

Mlima wa Zermatt ulichelewa karibu miaka 80. Matterhorn ina urefu wa mita 4,478, fupi kuliko Mont Blanc, lakini umbo lake la pembe nne zilizochongoka liliwafanya watu waamini kwamba haipandiki. Tarehe 14 Julai 1865, saa saba na dakika arobaini mchana, Whymper na wenzake sita walifika juu. Walikuwa Croz wa Chamonix, Peter Taugwalder na mwanawe wa jina hilohilo, wote wawili wa Zermatt, kasisi Charles Hudson, Lord Francis Douglas mwenye miaka 18, na Douglas Hadow mwenye miaka 19 ambaye hakuwa na uzoefu wa kutosha. Wakati wa kushuka Hadow aliteleza akamgonga Croz, na uzito wao ukawavuta Hudson na Douglas. Kamba iliyokuwa kati ya Douglas na mzee Taugwalder ikakatika. Wanne walianguka zaidi ya mita 1,000 kwenye uso wa kaskazini wa mlima. Mwili wa Douglas haujapatikana hadi leo.

Kipande cha kamba ile kimewekwa ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Zermatt, lililojengwa chini ya ardhi karibu na kanisa. Mtu hutegemea kukuta kamba nene. Atakachokiona ni uzi mwembamba, ncha yake imefumuka, ambao leo hakuna mtu mwenye akili timamu angekubali umbebe. Whymper mwenyewe alieleza kwamba ilikuwa dhaifu kuliko kamba zote walizokuwa nazo, na kwamba haikupaswa kutumika mahali pale. Uvumi ulimwandama mzee Taugwalder kwamba aliikata kwa kisu ili ajiokoe yeye na mwanawe, ingawa uchunguzi uliofanywa Zermatt mwezi uleule haukumtia hatiani. Ukiitazama kwa makini na kuona nyuzi zilivyochanika ovyo, utaelewa kwa nini wenyeji wa Zermatt wanaendelea kuitunza: ndiyo shahidi wa mtu wao.

Mwaka 1871 Mwingereza Lucy Walker akawa mwanamke wa kwanza kufika juu ya Matterhorn. Chamonix ilikuwa imetangulia kwa mbali, kwani Marie Paradis, mtumishi wa nyumba ya wageni na mkazi wa bonde, alifika kilele cha Mont Blanc mwaka 1808.

Nani mwenye kijiji

Hapa ndipo vijiji hivi vinapoachana, na kwa maoni yangu hapa ndipo msomaji afanye uamuzi wake.

Watu wa Zermatt walijinunulia uhuru wao katika karne ya 17 kutoka kwa mabwana waliokuwa wakiimiliki ardhi, na hawakuwa tayari kuupoteza tena. Wageni walipoanza kuja, mtu mmoja kutoka wilaya nyingine ya jimbo lilelile la Valais, Alexander Seiler, aliyejifunza kazi ya kutengeneza sabuni, aliichukua nyumba ndogo ya wageni ya daktari wa kijiji na kuifanya hoteli ya Monte Rosa. Ni katika hoteli hiyo Whymper na wenzake walikofikia, na ukutani pake pana sura ya Whymper iliyochongwa kwenye bamba. Seiler akafanikiwa, akaongeza hoteli, akaajiri wenyeji wengi. Mwaka 1871 akaomba apewe haki ya uenyeji, ambayo ingemruhusu kushiriki katika misitu na malisho ya pamoja. Familia za kale zikakataa. Kesi ikapanda ngazi moja hadi nyingine kwa miaka 18, na mwaka 1889 serikali ya shirikisho ikakilazimisha kijiji kumpokea. Seiler alifariki mwaka 1891.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, wenyeji hawakukaa kulalamika. Mwaka 1879 waliifungua hoteli yao wenyewe, Zermatterhof, iliyojengwa kwa nguvu ya familia za kijiji kwa utaratibu ambao Mtanzania angeuita msaragambo bila kusita. Chama cha familia hizo kinaimiliki hadi leo, pamoja na hoteli nyingine, mikahawa ya mlimani na sehemu kubwa ya ardhi. Mgeni anaweza kuona ukali katika hadithi ya Seiler, nami nauona pia, kwa sababu mtu aliyewaletea riziki alisubiri mlangoni hadi uzeeni. Lakini naiona na busara iliyomo. Ni vijiji vichache sana duniani ambavyo utalii umevitajirisha na bado wajukuu wa wachungaji wa kale ndio wenye viwanja.

Chamonix ilichukua njia nyingine. Mwaka 1820 msafara wa kupanda Mont Blanc ulipatwa na maporomoko ya theluji, na waongozaji watatu wakazikwa ndani ya ufa wa barafu. Mwaka uliofuata, 1821, wenyeji waliunda Kampuni ya Waongozaji ya Chamonix, chombo cha kwanza cha aina yake duniani, kilichoweka zamu ili kazi imfikie kila mmoja, na mfuko wa kusaidia wajane na majeruhi. Wao hawakuilinda ardhi bali kazi. Barafu ilianza kurudisha mabaki ya wale watatu mwaka 1861, miaka 41 baadaye, chini kabisa kwenye mdomo wa barafu ya Bossons, kama wataalamu walivyokuwa wamekadiria kwa kupima mwendo wake. Kampuni bado ipo, na kila tarehe 15 Agosti waongozaji hufanya sikukuu yao mjini.

Ardhi ya Chamonix, kwa upande mwingine, ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye fedha. Savoy, eneo ambalo Chamonix imo, ilipoingizwa katika Ufaransa mwaka 1860, Napoleon wa Tatu alikuja mwenyewe kuutazama mlima, barabara ikaboreshwa, na reli ikafika mwaka 1901. Yakajengwa mahoteli makubwa kama majumba ya wafalme. Mwaka 1965 likafunguliwa handaki la barabara la kilomita 11.6 chini ya Mont Blanc hadi Italia, na bonde likageuka njia ya malori. Tarehe 24 Machi 1999 lori liliwaka moto ndani yake na watu 39 wakafa, handaki likafungwa kwa karibu miaka mitatu. Chamonix ya leo ni mji hasa, wenye wakazi karibu 9,000, wengi wao wakiwa wamehamia kutoka kila pembe ya Ulaya kwa mapenzi ya milima, na mgeni hupokelewa pale kama mmoja wao kwa urahisi ambao Zermatt haina.

Zermatt, yenye wakazi karibu 6,000, imekataa hata magari. Wenyeji waliulizwa kwa kura zaidi ya mara moja kama barabara iletwe hadi kijijini kwa ajili ya watu wote, na wakasema hapana. Anayekuja kwa gari huliacha Täsch, kilomita 5 chini, na kumalizia safari kwa treni ya dakika 12. Ndani ya kijiji hupita magari madogo ya umeme yenye umbo la sanduku, na ukikaa kimya usiku husikia mto.

Theluji

Katika suala la skii, jina la Chamonix limeandikwa kwa wino usiofutika, kwa kuwa mwaka 1924, kuanzia tarehe 25 Januari hadi 5 Februari, ndipo palipofanyika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya kwanza. Wakati huo iliitwa wiki ya michezo tu, na hadhi ya Olimpiki ilitolewa baadaye. Zilishiriki nchi 16. Medali ya kwanza ya dhahabu ilikwenda kwa Charles Jewtraw wa Marekani katika mbio za mita 500 za kuteleza kwenye barafu, na miongoni mwa washiriki alikuwamo msichana wa Norway mwenye miaka 11, Sonja Henie, aliyemaliza wa mwisho na baadaye akawa bingwa wa dunia mara nyingi. Wasomaji wengi hushangaa kusikia kwamba skii ya kuteremka milima haikuwamo kabisa mwaka ule. Iliingia Olimpiki mwaka 1936.

Zermatt ilichelewa, na sababu yake ni reli. Treni kutoka Visp ilifika kijijini mwaka 1891, na mwaka 1898 ikafunguliwa reli ya meno inayotumia umeme, ya kwanza ya aina hiyo Uswisi, inayopanda hadi Gornergrat, mita 3,089. Lakini kwa miongo kadhaa treni zilisimama majira ya baridi kwa hofu ya maporomoko ya theluji, na kijiji kikalala. Ni mwishoni mwa miaka ya 1920 tu ndipo wenye hoteli walipoanza kuwaleta wageni wa baridi kwa sleji zinazovutwa na farasi kutoka mahali treni ilipoishia.

Leo mambo yamegeuka. Kwa anayejifunza, au familia yenye watoto, Zermatt ni bora: miteremko yake imeunganishwa pamoja, inavuka mpaka hadi Breuil-Cervinia nchini Italia, na jumla yake ni karibu kilomita 360. Katika kituo cha Klein Matterhorn, kilicho mita 3,883 na kinachofikiwa kwa gari la kebo tangu mwaka 1979, watu huteleza hata mwezi Julai. Chamonix ina maeneo kadhaa yaliyotawanyika bondeni, na kutoka moja hadi jingine utapanda basi au treni. Ni uwanja wa waliokwisha kuiva. Gari la kebo la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955, linakutoa mita 1,035 na kukuweka juu ya mita 3,700 kwa muda wa dakika 20 hivi, na kutoka hapo njia ya Vallée Blanche inateremka kilomita 20 juu ya barafu zenye nyufa. Hakuna anayepaswa kuipita bila mwongozaji. Hata asiyeteleza apande taratibu huko juu, anywe maji, na akipatwa na kizunguzungu ashuke mara moja, kwani mwili haujapewa siku za kuzoea kama ambavyo mpandaji wa Kilimanjaro hupewa.

Sasa nirudi Montenvers. Treni ya meno iliyofunguliwa mwaka 1909 inakupeleka kutoka Chamonix hadi ukingo wa Mer de Glace, mita 1,913. Mwaka 1988 lilijengwa gari la kebo la kuwashusha wageni kutoka kituoni hadi kwenye barafu, na waliposhuka walihitaji vidato vitatu tu vya ngazi kuigusa. Barafu ikawa inazama, ngazi ikawa inarefushwa mwaka baada ya mwaka, hadi ikapita vidato 500. Mwaka 2024 likafunguliwa gari jipya, mbele zaidi, kwa sababu la zamani lilikuwa halifikishi tena mahali. Njiani yamebandikwa mabango madogo kwenye mwamba, kila moja likiwa na mwaka, kuonyesha uso wa barafu ulipokuwa. Unashuka, unapita bango la mwaka uliozaliwa, unaendelea kushuka. Hili ni bonde lilelile ambalo mwaka 1644 lilimwita askofu aje aombe barafu irudi nyuma. Zermatt nayo inapoteza barafu zake, na kutoka Gornergrat mabadiliko yanaonekana kwa macho, lakini haionyeshi jambo hilo kwa uwazi unaoumiza kama Chamonix. Kwetu sisi ambao tumeziona theluji za Kilimanjaro zikipungua ndani ya umri wa mtu mmoja, naona hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua Chamonix.

Mambo ya safari

Ufaransa na Uswisi zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha kwa vijiji vyote viwili, na ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Uwanja wa ndege wa Geneva unafaa kwa kote. Chamonix ni safari ya saa moja na robo hivi kwa barabara, na Zermatt ni karibu saa nne kwa treni, ukibadilisha Visp. Zermatt ni ghali zaidi, kitandani na mezani, nawe utalipa kwa faranga za Uswisi. Chamonix inatumia yuro na ina vyumba vya kila hali, ikiwa ni pamoja na mabweni ya wapanda milima. Katika chakula, Mwislamu ajue kwamba fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovyea mkate, ya pande zote mbili kwa kawaida hupikwa kwa divai nyeupe, ilhali raclette ya Valais ni jibini iliyoyeyushwa tu na kumwagwa juu ya viazi. Aulize kwanza kuhusu nyama inayoandamana nayo, kwa kuwa mara nyingi ni ya nguruwe.

Ningechagua kipi

Mwenye siku mbili au tatu, asiyeteleza, anayesafiri na wazazi au watoto, na anayetaka kuona kijiji ambacho bado kina umbo la kijiji, aende Zermatt. Atapata maghala, jumba la makumbusho, makaburi na mlima mmoja usiosahaulika, vyote kwa mwendo wa miguu, na hatahitaji kuwa na wasiwasi na gari hata moja. Mwenye fedha kidogo, au anayetaka kujua upandaji milima ulianza vipi na barafu zinaisha vipi, aende Chamonix, na asikatishwe tamaa na kelele za barabara siku ya kwanza. Mimi, nikilazimishwa kutaja kimoja, nasema Chamonix, kwa sababu ya sanamu ya Paccard na mabango ya Montenvers. Zermatt ni nzuri zaidi kwa macho, lakini Chamonix imenifundisha zaidi.

Mwenye siku sita asichague. Aanzie Chamonix, apite kwenye makaburi ya mji kumwona Whymper, kisha asubuhi apande treni nyekundu inayopanda bonde kuelekea Vallorcine. Katika kituo kidogo cha Montroc, kabla treni haijaingia handakini, atazame upande wa kulia, kwa kuwa Le Tour haiko mbali na hapo. Atabadilisha Martigny, halafu Visp, na kabla ya jioni atakuwa ameshuka Zermatt. Kutoka stesheni hadi kanisani ni dakika kumi kwa kufuata barabara kuu, na kaburi la Croz liko hapohapo, kando ya kanisa.